Kikundi Kilichoficha Kazi Yake

Kila asubuhi ua wa fundi baiskeli hujaa kelele. Nyundo inagonga, cherehani ya mkewe inalia, na binti yao anatoa amri. Miguu ya binti huyu haina nguvu tangu azaliwe, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Nyumbani wanamwita Hakimu.

Fundi alikuwa akimbeba mgongoni kwenda shuleni. Hakimu akazidi kukua, mgongo wa baba ukazidi kulalamika. Siku mgongo ukigoma, mtoto anashinda nyumbani. Mwalimu alishasema kwamba akiendelea kukosa masomo, atarudia darasa.

Basi fundi akakusanya vyuma chakavu, akaanza kuunda viti vya magurudumu. Majirani wenye watoto kama Hakimu wakaja kumsaidia, na mkewe akashona mito ya kukalia. Hivyo ndivyo kikundi chao kilivyoanza. Tatizo lilikuwa vifaa. Viti vilikwama uani nusunusu, cha Hakimu kikiwemo.

Siku moja wakapata habari. Afisa wa mfuko unaosaidia vikundi vidogo angewatembelea kesho yake.

Fundi akapagawa. "Mke wangu, atatuona watu wa ovyo! Tuna vyuma, tuna grisi, tuna kuku. Hii ni ofisi kweli?"

"Si ofisi, ni karakana," mkewe akasema. "Kwani anakuja kupanga chumba?"

Fundi hakusikia la mtu. Asubuhi yake akaazima makochi kwa mama mwenye duka. Akaazima na kompyuta iliyokwisha kufa zamani. Viti vya magurudumu vyote akavisukumia bafuni, akafunga mlango.

"Baba, watu wataoga wapi?" Hakimu akauliza.

"Leo hakuna kuoga. Leo kuna maendeleo."

Afisa alifika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Fundi, tai imemkaba shingo, akamkalisha kwenye kochi.

"Mheshimiwa, kikundi chetu kinaratibu mikakati ya uwezeshaji endelevu."

"Vizuri, baba. Mnafanya nini?"

"Tunaratibu."

"Mnamsaidia nani?"

"Walengwa."

Afisa akatazama kompyuta, akatazama makochi. Akafunga mkoba wake. "Nashukuru kwa kunikaribisha. Lakini mfuko wetu ni wa vikundi vinavyoanza kwa shida. Nyinyi mmejaliwa. Acha tuwafikirie wengine."

Fundi akalegeza tai. Mara mama mwenye duka akaingia bila hodi.

"Fundi, nataka makochi yangu! Wakwe zangu wamefika, nimewakalisha kwenye ndoo!" Akamgeukia afisa. "Samahani, dada yangu. Naomba uinuke kidogo."

Afisa akainuka huku akijizuia kucheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama mgeni," Hakimu akasema kutoka kwenye mkeka wake, "kazi yetu iko bafuni."

Afisa akaenda kufungua mlango. Gurudumu moja likatoka, likamgonga goti, likaendelea na safari mpaka kwa kuku. Afisa akashika kiti kimoja, akakigeuza huku na huku, akauliza maswali. Fundi akasahau mikakati yote. Akaeleza jinsi kila kiti kinavyopimwa kwa mwili wa mtoto atakayekitumia, na kwa nini hiki kimekwama. Mkewe akawataja watoto wanaosubiri, mmoja mmoja.

"Sasa haya mlinificha ya nini?" afisa akauliza.

"Niliona aibu," fundi akasema. "Nilidhani msaada ni wa watu wenye ofisi."

"Baba, sisi wa mfuko hatutafuti makochi. Tunatafuta kazi inayoonekana na watu wanaoaminika. Lakini kabla ya pesa, mtapata mafunzo."

"Mafunzo? Mimi viti naviunda huku nimefumba macho!"

"Sawa. Pesa za kikundi unaweka wapi?"

"Mfukoni."

"Na za nyumbani?"

"Mfuko huohuo."

Mkewe akashika kichwa. "Kumbe tumekuwa tukila magurudumu!"

Mafunzo yakafanyika palepale uani. Wanakikundi wakajifunza kusajili kikundi, na kufungua akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake. Wakajifunza kutunza risiti na kuwasomea wenzao hesabu mkutanoni. Pia walijifunza kuomba wanachohitaji, wala si wanachodhani mfadhili anapenda kusikia. Mweka hazina wakamchagua nje ya familia ya fundi, mama mmoja asiyekopesha hata njiti ya kiberiti.

Msaada ukaja. Haukuwa mkubwa, lakini ulinunua mashine ya kuchomelea na magurudumu mapya. Viti vikaanza kutoka uani kimoja baada ya kingine, na Hakimu hakurudia darasa.

Siku moja alirudi kutoka shuleni akijisukuma mwenyewe, anacheka peke yake.

"Kuna nini?" mama yake akauliza.

"Mwalimu kanigombeza mbele ya darasa zima! Nimechelewa. Tulikuwa tunashindana mbio njiani."

"Na unacheka?"

"Mama, zamani nikichelewa walikuwa wananionea huruma. Leo nimegombezwa kama wenzangu."

Fundi alifurahi mno, hata akasahau kwamba na yeye alipaswa kumgombeza.