Kondoo wa Mama Felista

Siku ya mnada Karatu hufurika watu hata pa kuweka mguu huna. Katikati ya msongamano huo alisimama Felista, fundi cherehani, gauni la kitenge cha manjano limemkaa vyema kiunoni, futi ikining'inia shingoni. Mkono mmoja alishika ndoo ya plastiki, mwingine alimkumbatia mbwa mdogo mweupe aitwaye Chumvi.

“Changieni jamani, ana uvimbe tumboni. Daktari wa mifugo amesema lazima apasuliwe.”

Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Parmuat, mfugaji kutoka Kakesio, mrefu, shuka jekundu limekaa begani kwa maringo.

“Dada, kwetu mbwa analinda ng'ombe. Huyu wako analinda nini?”

“Ananilinda mimi na wanaume wanaocheka ovyo.”

“Basi hana kazi ndogo.” Parmuat akatumbukiza noti kwenye ndoo. “Na namba ya kumjulia hali mgonjwa naipataje?”

Felista alikusudia kununa, akajikuta anataja namba. Simu zikaanza. Kakesio mtandao ni wa kutafuta, hivyo kila jioni Parmuat alipanda kilima.

“Mgonjwa ameamkaje?”

“Yupi? Mimi au Chumvi?”

“Yule anayeninyima usingizi.”

“Basi ni mimi. Chumvi hana habari na wewe.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mnada uliofuata Parmuat hakupitia kwa Felista sokoni. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake, akivuta kondoo jike mweupe asiye na doa.

“Mama, kondoo huyu ni wako,” alisema, macho chini. Haya ikamzuia kuongeza neno.

Angeongeza hata moja tu! Wiki hiyo jirani mmoja alikuwa ameleta kuku kwa ajili ya mbwa, mwingine debe la mahindi. Mama Felista, Mwiraqw asiyejua mila za Wamasai, akaona huu nao ni mchango. “Mungu akubariki, mwanangu,” alisema. Kesho yake kondoo akaenda kwa mwenye bucha, na Chumvi akaenda kwa daktari.

Felista alipiga simu kwa furaha. “Mpenzi, kondoo wako ametuokoa! Tumemuuza, Chumvi amepasuliwa, anaendelea vizuri!”

“Mmemuuza? Mama yako amekubali?”

“Yeye ndiye aliyempeleka buchani.”

“Nimeelewa,” alisema Parmuat, akakata simu.

Tangu hapo namba yake haikupatikana. Chumvi alipona, akaanza kukimbiza kuku wa watu. Felista ndiye aliyekonda. Alishona mikono ya gauni kinyume, akafumua, akaikosea tena. Kila shuka jekundu lililopita barabarani lilimpandisha moyo na kumshusha. Alimtamani Parmuat, sauti yake, hata kicheko chake cha kuudhi. Huko Kakesio naye Parmuat alipanda kilima kila jioni, akakaa na simu mkononi, ameizima.

“Kwani mlikosana nini?” aliuliza Sinyati, Mmasai muuza shanga aliyekaa naye baraza moja. Felista alipomsimulia, shanga zilimmwagika.

“Alimpa mama yako kondoo jike? Felista, huyo alikuwa anaposa! Kondoo hupewa mama mkwe. Akimpokea, yeye na mkwe wanaitana Paker, jina la waliopeana kondoo, mpaka kufa. Nyinyi mmempeleka buchani! Ameona mmemkataa, tena kwa ajili ya mbwa.”

Felista alikimbia nyumbani. Mama aliposikia alikaa chini. “Yesu wangu, nimemuuza mkwe!”

Felista akapiga simu asubuhi na jioni, mpaka siku moja ikaita.

“Parmuat, nimekukosa, nakufa,” alisema akilia. “Hatukujua.”

“Mbwa wako mzima?”

“Mzima.”

“Vizuri. Kaa naye.”

Mama alimpokonya simu. Hakuwa amewahi kutamka neno la Kimasai maishani mwake.

“Paker,” aliita.

Parmuat alikuwa karibu kukata simu; akairudisha sikioni.

“Paker, ni mimi. Kondoo nilimpokea kwa mikono miwili. Ujinga wa kumuuza ni wangu, usimlipize binti yangu. Bado unamtaka?”

Kule kilimani Parmuat aliketi kwenye majani. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo, na hakujua kwamba alikuwa amelisubiri jina hilo kiasi kile.

“Namtaka, Paker,” alisema. “Namtaka mpaka ng'ombe wananionea huruma.”

“Basi njoo. Na ukifika useme yote kwa mdomo, maana sisi Wairaqw hatujui kumsoma kondoo.”

Parmuat alicheka huku akifuta macho, akaanza kuteremka.