Sala ya Mama Esteri

Haya yalimkuta rafiki yangu Ndayisenga, mwinjilisti wa kanisa moja Kibondo. Mama Esteri, muumini wake, alikuwa amemnong'oneza siri: alipokimbia Burundi, alimwacha bintiye mgonjwa porini. Ndayisenga akaiandika yote kwenye simu, pamoja na majina, ili akili mnemba imtungie sala. Jioni, ibadani, akaiacha simu isome bila kuikagua kwanza. Mara umeme ukakatika. Gizani sauti tulivu ya simu ikasema, "Bwana, mkumbuke Dorcas, aliyeachwa porini na mama yake, Esteri."

"Mwinjilisti, nilikuambia wewe tu!" Mama Esteri akalia.

Kwa aibu, Ndayisenga akaipapasa simu aizime, nayo ikarudia jina lile: "Dorcas."

Nje, kwenye migomba, sauti ya mtoto ikaitika, "Abee, mama."