Kisima Kilichojaa Kabla ya Kuchimbwa

Kila siku kabla ya shule, Nthenya na mama yake, Kalunde, walishuka mtoni na punda wao. Mto ule wa karibu na Migwani haukuwa na maji ya kuonekana. Ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, nayo maji yalikuwa chini. Nthenya alichimba kwa kata hadi mchanga ukawa na unyevu, kisha shimo likaanza kutoa maji polepole. Kazi kubwa ilikuwa kungoja lijae.

Asubuhi hiyo Nthenya alisimamisha rula ndefu ndani ya shimo na kutazama saa ya mama yake.

"Sasa unayapima maji au unayachokoza?" mama aliuliza.

"Ninayapima, mama. Ni kazi ya fizikia."

"Haya. Lakini kisima hakina haraka ya shule."

Mwaka huo wa 1994, kanisa lilikuwa limeipa shule yao ya upili kompyuta moja. Madam Tima, mwalimu kijana kutoka Kitui mjini, alianza kuwafundisha wanafunzi wa fizikia kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Mwalimu Mutiso, aliyefundisha fizikia, hakupendezwa.

"Hawa hawajajua kusoma kipimajoto vizuri," alilalamika, "nanyi mnawapa mashine ya kufikiri badala yao?"

Mwalimu mkuu alimwachia Mutiso uamuzi. Siku ya Ijumaa angekagua programu ya mwanafunzi mmoja. Kama haikuwa na faida kwa fizikia, darasa la programu lingefungwa na kompyuta ingepelekwa ofisini kupiga chapa barua. Madam Tima alimchagua Nthenya. Msichana huyo wa kidato cha kwanza hakuwahi kupenda somo lolote kama lile, na sasa lilikuwa mikononi mwake.

Programu yake ilikusudiwa kusema kisima kitajaa baada ya muda gani. Alhamisi jioni, jenereta ya shule ikinguruma nje, aliingiza vipimo vyake. Saa kumi na mbili asubuhi, shimo lilikuwa tupu. Saa moja, maji yalikuwa sentimita ishirini. Kina cha shimo kilikuwa sentimita arobaini. Kompyuta ikajibu: hasi ishirini na mbili.

Syokau, rafiki yake wa dawati moja, aliinama kusoma.

"Hasi? Basi kisima chenu kilijaa jana, kabla hamjakichimba. Mwambie mama yako asiamke tena mapema."

Nthenya alicheka kidogo, halafu akaacha. Alikagua kila agizo. Yote yalionekana sawa.

"Wee, futa hizo hesabu," Syokau alinong'ona. "Iambie tu iandike 'masaa mawili'. Mwalimu atajuaje? Kompyuta haina mdomo wa kukusema."

Nthenya alijaribu. Maneno yakatokea, safi kabisa. Lakini alijua kwamba kompyuta haikuhesabu chochote. Ilikuwa imefundishwa kusema kama kasuku. Aliyafuta, akarudisha programu yake yenye kosa.

Ijumaa, Mwalimu Mutiso alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Haya binti, tuone."

"Programu yangu ina kosa, Mwalimu, na sijalipata. Jana niliandika jibu la kubandika ili ionekane nzuri. Nimelifuta."

Madam Tima alitazama viatu vyake.

"Unajua nimekuja kuamua nini?" Mutiso aliuliza.

"Najua, Mwalimu."

"Nisomee vipimo vyako. Polepole."

"Saa kumi na mbili, shimo tupu. Saa moja, sentimita ishirini."

"Vipimo havina kasoro. Kutoka kumi na mbili hadi saa moja ni muda wa saa moja tu. Hata mtoto wa nasari anajua."

Nthenya aliinua kichwa. "Mtoto anajua, Mwalimu. Kompyuta haijui. Imechukua moja ikatoa kumi na mbili, ikapata hasi kumi na moja kwa nusu ya shimo."

Aliongeza agizo jipya: kama saa ni kumi na mbili asubuhi, ihesabiwe kuwa sifuri. Kioo kikaonyesha mbili.

"Masaa mawili," Mutiso alisema. "Kesho tutaona kama mchanga unakubali."

Jumamosi Mwalimu Mutiso na wanafunzi walichimba shimo jingine mtoni kama lile la kwanza, akina mama waliokuja kuteka maji wakiwatazama. Baada ya masaa mawili, maji yalikuwa yamekaribia ukingo wa shimo.

"Kumbe ningeweza kwenda kupalilia na kurudi," Kalunde alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Yule ni wangu." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Lakini yamechelewa kidogo," Syokau alisema.

"Ndiyo, kwa sababu kasi ya maji hupungua shimo linapojaa," Mutiso alieleza. "Hiyo ni fizikia, na programu bado haijaambiwa."

Aliwaita wanafunzi wote karibu.

"Mkiniandikia jambo nusu, kichwa changu hujaza nusu iliyobaki, nami nawapa alama. Mashine haimsaidii mtu namna hiyo. Inataka useme kila unachokijua, waziwazi. Kwa hiyo kila anayesoma fizikia kwangu atasoma na programu. Na mkumbuke hili: kama Nthenya angetuonyesha jibu la kubandika, tungelipigia makofi na kurudi nyumbani wajinga. Ameonyesha kosa lake, ndipo sote tukajifunza. Mwanafunzi wa namna hii ni fahari ya mwalimu."

Jumamosi iliyofuata, Madam Tima alikuwa ameshaanza kufundisha mlango ulipofunguliwa. Mwalimu Mutiso aliingia, akatazama viti vilivyojaa, akaenda hadi benchi la mbele.

"Syokau, sogea," alisema. "Hata mimi sijui kuandika agizo moja."