Kikombe cha Baraka

Kikombe cha tatu kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekinywa.

Remziya alikuwa amekimimina kwa mkono wake mwenyewe, birika la udongo likiwa bado linafuka, akakiweka kwenye meza ndogo juu ya nyasi mbichi alizotandaza sakafuni. Kikombe cha kwanza walikinywa, yeye na mumewe Tewfik. Cha pili wakanywa. Cha tatu ndicho cha baraka. Mgeni hanyanyuki kabla hajakionja hata kama ana haraka ya kufa. Aligeuka tu kuchukua bakuli la bisi. Aliporudi, kikombe chake kilikuwa kikavu, kimelambwa mpaka masimbi ya chini, na ukingoni kimeacha harufu ya nywele zilizoungua.

"Umekunywa changu?"

"Mimi? Changu chenyewe hiki hapa, kinanichoma vidole." Tewfik alicheka, akamwekea kiganja tumboni. "Muulize huyu. Labda ameanza ulevi wa kahawa angali humo humo."

Remziya hakucheka. Harufu ile aliifahamu. Masika yaliyopita ilikuwa juu ya mto wa mwanawe Sumeya, asubuhi ile alipomlaza mtoto mzima, akaenda kuanika nguo, akarudi na kumkuta wa baridi.

Kesho yake kikombe cha tatu kilikauka tena. Na siku iliyofuata. Tewfik akaacha utani.

Kisha ikaja jioni moja, wakati wa magharibi, Addis Ababa yote ikinukia mvua na moshi wa mikaratusi, Remziya akiwa bafuni anafua kitambaa. Sauti ilitoka kwenye tundu la maji machafu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya jirani anayeomba chumvi.

"Remziya. Unakumbuka siku ile uliyomwaga maji ya moto hapa?"

Kitambaa kilimponyoka.

"Jua lilikuwa linazama kama hivi. Simu sikioni, unacheka na shoga yako. Hukubisha hodi. Hukutaja jina la Mungu. Ulimwaga tu. Mwanangu mkubwa alikuwa amelala hapa, Remziya. Ngozi ilimtoka mikononi mwangu."

"Sikujua," Remziya alinong'ona.

"Na wangu hakujua. Wako wa kwanza nilimchukua ili tulingane. Huyu wa tumboni nitamchukua kwa sababu kulingana hakukuniponya."

Walimwita shekhe wa mtaani. Alifukiza ubani nyumba nzima, akasoma kwa sauti nzuri, na mle bombani yule jini akakohoa kidogo, akauliza kama ubani ule ni wa bei rahisi. Shekhe aliondoka bila viatu vyake.

Ndipo Remziya akampigia bibi yake, Bibi Ziyada, kule mji wa ukuta alikozaliwa. Alipiga akiwa barabarani, mbali na nyumba, amejifunika ushungi mpaka kwenye simu.

"Nisikilize, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Mlete huyo jini huku. Mashekhe wadogo bado wanaingia mjini kila jioni, na njaa yao unaijua."

Remziya aliijua. Mashekhe wadogo ndilo jina la heshima walilowapa fisi wanaopita kwenye matundu ya ukuta giza likianza. Watu hawawafukuzi. Wanasafisha mji: mifupa, makombo, na vile vingine visivyoonekana.

"Lakini jina la mji huu lisitajwe ndani ya nyumba yako. Majini wote wanalijua, na wote wanalikimbia. Mdanganye atoke. Akigoma, iko njia ya pili, nayo ni mbaya." Akamweleza njia ya pili, taratibu, mara mbili.

Basi safari yao ya siku mbili ikapangwa ngazini, kando ya matangi ya maji, kwa sauti ya chini kama ya wezi. Watapanda basi la alfajiri Jumamosi. Watalala kwa Bibi. Jumapili watarudi. Ndani ya nyumba walizungumzia harusi, huko Bishoftu, kando ya ziwa, kwa kuwa jini hapendi kukosa ngoma. Tatizo lilikuwa Tewfik, mtu asiyeweza kuficha hata zawadi ya sikukuu.

"Itakuwa harusi kubwa hiyo," alisema kwa nguvu, akikunja shati. "Ya yule... wa kule ziwani."

"Bibi harusi anaitwa nani?" bomba likauliza.

Tewfik alilikunjua tena lile shati. "Almaz."

"Ana bahati," sauti ikasema. "Nitakuja kumwona."

Usiku huo walishikana mikono gizani, na kwa mara ya kwanza Remziya alihisi kitu kikali na kitamu kikimpanda kifuani. Haikuwa hofu. Alikuwa anamfikiria fisi akitafuna.

Kilichowaponza ni mzigo. Alhamisi Tewfik alikwenda kuomba ruhusa kwa ami yake mwenye duka, na akamweleza, yeye peke yake, kwamba anakwenda nyumbani siku mbili. Lakini hakuna mtu wa kwao aliyewahi kwenda nyumbani mikono mitupu. Habari ilivuka kaunta, ikavuka mtaa, na alasiri mlango ukagongwa: Mama Ferdosa wa ghorofa ya chini, furushi kifuani, jasho usoni.

"Ama kweli, Tewfik! Mpaka nisikie dukani kama mtu baki! Haya, mpelekee dada yangu hizi dawa zake za presha, na hiki kitambaa, na umwambie anitumie halua..."

"Mama Ferdosa, njoo tuongee nje," Remziya alimkimbilia, mkono tayari kumziba mdomo.

"Nje kuna nini? Mwambie halua ya kule kule Harar, si hii ya..."

Nyumba ilinyamaza. Friji iliacha kunguruma. Kwenye meza ndogo vikombe vyote viligeuka vyenyewe, kimoja kimoja, vikalala kifudifudi. Mama Ferdosa aliangusha furushi, akashuka ngazi akilia jina la mama yake.

"Harar," sauti ilisema polepole, sasa kutoka kila bomba. "Kwa mashekhe wadogo. Kumbe ndiyo harusi." Ikacheka bila furaha. "Nendeni, wanangu. Mimi sitoki. Nitakaa hapa hapa, na wewe utarudi kuzaa hapa hapa."

Ijumaa alasiri Remziya alikaanga kahawa. Alitandaza nyasi. Alimimina cha kwanza, akanywa. Cha pili, akanywa. Cha tatu hakukiweka chini. Alikishika kwa mikono miwili mbele ya midomo yake, akangoja, mpaka harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, mpaka akauhisi uzito wa mdomo mwingine kwenye ukingo wa pili wa kikombe.

"Remziya, usifanye hivyo," Tewfik alinong'ona. "Una mtoto humo."

"Ndiyo maana atakuja." Kisha akamwambia yule wa upande wa pili: "Unamtaka? Yuko hapa. Njoo umchukue."

Akanywa. Kitu kilipita kooni pamoja na kahawa, kirefu, chenye vidole, na kabla hakijafika mwisho Remziya alilitaja jina la Mungu, lile alilolisahau siku ile, akafunga mdomo kama mtu anayefunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya pili. Mlango ungeshika mpaka jua la kesho lizame, si zaidi.

Basi liliondoka alfajiri. Liliteremka kwenye joto la bonde la Awash, na ndani ya Remziya jini alizunguka kama paka kwenye gunia, akigusa hapa, akigusa pale, akitafuta mtoto alipo, akimwambia tapika basi nikuache, akimwita kwa sauti ya Sumeya, akicheka kwa sauti ya Sumeya, na kituo cha ukaguzi kikawashusha wote, na mizigo ikashushwa, na ikapandishwa, na jua likapita katikati ya mbingu, na milima ikaanza, kona baada ya kona, marundo ya mirungi kandokando ya njia, Tewfik akimfuta jasho na kumhesabia miji kama anayembembeleza mtoto, na mtoto tumboni akiwa kimya, kimya kupita kiasi, tangu asubuhi hajacheza hata mara moja, na jua likishuka, likishuka, likawa jekundu juu ya ukuta wa mji walipofika.

Bibi Ziyada alikuwa tayari amekaa kwenye tundu la ukuta, na sufuria la uji wenye samli mbele yake.

"Piga magoti," alisema. Hakumsalimu. "Usiwaangalie machoni."

Fisi walikuja bila sauti. Walipita uji bila kuugusa. Yule mkubwa, jike mwenye sikio lililochanika, akaleta pua yake mbele ya mdomo wa Remziya, na pumzi yake ilinuka chokaa na damu.

Hapo ndipo jini alipoacha sauti za kuazima, akasema kwa yake mwenyewe: "Subiri. Nina mdogo. Nimemwacha peke yake kule. Hajui kutafuta chakula. Wewe ni mama, Remziya."

Ukingo wa jua ulikuwa umebaki kama uzi.

"Na Sumeya alikuwa peke yake," akasema, akafungua mdomo, akapumua nje pumzi yote aliyokuwa nayo.

Fisi aling'ata hewa. Mfupa ulisikika ukivunjika pasipo mfupa. Kilio kilikatwa katikati, wengine wakaja kugombania, wakacheka, wakaramba vumbi. Tumboni, mtoto akapiga teke. Remziya naye akacheka, kwa sauti kubwa, mpaka Bibi akamziba mdomo.

Jioni ya siku ya pili, wakiwa wamerudi Addis Ababa, kikombe cha tatu kilibaki kimejaa mpaka yeye mwenyewe alipokinywa. Tewfik alikula halua ya Mama Ferdosa, akasema huyo dada akituma tena watasafiri kila mwezi. Walicheka kama watu waliotoka hospitali.

Jua lilikuwa linazama. Remziya akapeleka vikombe bafuni avisuuze, na maji ya moto. Safari hii alisimama juu ya tundu, akataja jina la Mungu kwa sauti, akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

"Mama?" tundu likajibu.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto aliyelia mpaka akakauka.

"Mama, umerudi?" Kitu kikanusa, kwa muda mrefu, karibu sana na vidole vyake vya miguu. "Harufu ya mama yangu ninaisikia. Mbona inatoka mdomoni mwako?"