Upande wa Pili wa Barua

Siku ya mwisho ya kukabidhi mapendekezo ya utafiti, duka la fotokopi la langoni mwa chuo lilijaa wanafunzi kana kwamba ndani kulikuwa kunagawiwa shahada. Kila mmoja alikuwa na karatasi mkononi na uongo mdomoni: "Mimi nilifika kabla yako."

Katikati ya msukosuko huo alisimama Bi Kifungu, mwanafunzi wa sheria za biashara, ndani ya gauni la rangi ya machungwa na viatu vilivyokuwa vikimtesa kimyakimya. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza hata kukataa biskuti bila kutaja kifungu cha sheria. Mbele yake kulikuwa na kijana mrefu wa uhasibu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfuko wa kushoto, kalamu mbili mfuko wa kulia. Huyo walimwita Mizania.

"Mama, chapa pande zote mbili," Mizania alimwambia Mama Fotokopi, mwenye duka. "Karatasi ina mgongo pia."

"Mwanangu, mashine hii ikichapa nyuma na mbele inakwama."

"Jaribu tu, mama yangu."

"Kaka," Bi Kifungu alidakia, "kwa heshima zote, chapa upande mmoja tuondoke. Nimebakiwa na dakika kumi na mbili."

"Dada, miti nayo ina haki zake."

"Basi ilete wakili wake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mizania akageuka ili amjibu, akamwona vizuri, na jibu likapotea. Kwa masikitiko makubwa tunaarifu kwamba halijapatikana mpaka leo.

Mashine ikakwama. Karatasi zikamwagika. Mama Fotokopi akazikusanya kwa haraka, akazitia majalada, akampa kila mtu lake, nao wakatimua mbio.

Siku tatu baadaye wote wawili waliitwa na Profesa, mama wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kama medali.

"Sura ya kwanza ya jalada hili inasema mkurugenzi wa kampuni mwenye maslahi binafsi katika jambo lazima atangaze, kisha atoke kikaoni," alisema. "Sura ya pili inachunguza kama matamko hayo yanaonekana kwenye taarifa za mwaka za kampuni. Kazi safi. Ya nani?"

Wakatazamana. Sura ya kwanza ilikuwa ya dada, ya pili ilikuwa ya kaka. Mama Fotokopi alikuwa ameziozesha karatasi zao.

"Fanyeni pamoja," Profesa akaamua.

Hivyo ndivyo walivyojikuta na taarifa za kampuni sitini mezani. Kila mmoja alisoma peke yake na kutoa alama, sifuri hadi tano, kwa jinsi wakurugenzi walivyojitangaza. Alhamisi walikutana maktaba, meza ya dirishani, kulinganisha. Sharti lilikuwa moja: mtu asifuate alama ya mwenzake. Zikifanana, zifanane zenyewe.

"Hawa wa saruji umewapa nne?" Bi Kifungu aliuliza Alhamisi moja. "Mpenzi msomaji, wameficha tamko ukurasa wa tisini, kwa herufi za ukubwa wa chawa!"

"Umeniita nani?"

"Msomaji."

"Kabla ya hapo."

"Usibadilishe mada. Watu wasiosoma maandishi madogo ndio wanaotapeliwa. Nitalisema hilo mpaka nizeeke."

"Nitakuwepo nisikie?"

Bi Kifungu akainamia karatasi ili asionekane anatabasamu. Mkutubi akawaambia wanyamaze, na ilikuwa mara ya tano siku hiyo.

Miezi minne ikapita hivyo. Asubuhi simu iliita: "Umeamka, Kifungu changu?" "Nimeamka, Mizania. Umevaa soksi zinazofanana?" "Swali gani hilo?" Hakuna aliyekuwa ametamka neno lenyewe, lakini hata Mama Fotokopi aliacha kuwauliza kama wako pamoja.

Kisha, Jumatatu, katibu wa idara alimkabidhi Bi Kifungu nakala ya barua aliyoandikiwa Profesa. Mwandishi alikuwa Mizania.

*Ninaomba niondolewe mara moja katika kazi ya kutoa alama pamoja na mtafiti mwenzangu. Siwezi tena kuifanya kwa haki.*

Chini yake, sahihi.

Bi Kifungu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Miezi minne! Kumbe alikuwa akimvumilia. Kumbe kila "umeshinda wewe" lilikuwa la kumnyamazisha. Aliikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba, na simu ikaita humohumo mkobani.

"Umepata nakala?" Sauti ya Mizania ilikuwa ndogo.

"Nimepata."

"Umesoma?"

"Mimi husoma kila kitu."

"Basi... unasemaje?"

"Nasema usinipigie tena."

"Sawa. Nilihofia utaudhika. Ila ilibidi niseme ukweli."

"Umeusema. Hongera."

Akakata simu, akaingia chooni akalia kwa utaratibu mzuri wa kisheria: kwanza pingamizi la awali, kisha shauri lenyewe.

Kesho yake alikwenda dukani na barua yake mwenyewe kwenye simu, ya kujitoa kwenye utafiti kabisa. Mama Fotokopi aliisoma ikitoka kwenye printa, maana hakuna siri iliyowahi kupita mashine ile bila kuaga.

"Mwanangu, unajitoa? Baada ya barua ile?"

"Kwa sababu ya barua ile."

"Mimi ndiye niliyeichapa. Nyuma na mbele, kama kawaida yake. Ilikwama mara mbili." Mama alimkazia macho. "Nyuma ulisoma?"

Bi Kifungu alitoa nakala mkobani. Nyuma palikuwa peupe. Akageuza mbele, na chini kabisa ya sahihi, kwa herufi za ukubwa wa chawa, akaona: *Sababu: tazama nyuma.*

Ofisi ilikuwa imenakili upande mmoja. Na yeye, bingwa wa maandishi madogo, alikuwa ameishia kwenye sahihi.

Alivua viatu, akakimbia navyo mkononi. Katibu wa idara alimtolea barua halisi bila kuuliza kitu.

*Natangaza maslahi. Nampenda mtafiti mwenzangu. Nimekagua kazi yangu nikagundua nimebadilisha alama kumi na moja zifanane na zake, na saba kati ya hizo yeye ndiye aliyekosea. Mkurugenzi mwenye maslahi hutoka kikaoni, nami natoka. Niliona vibaya kumwambia yeye kabla ya kuwaambia ninyi. Naomba alama zangu zirudiwe na mtu asiyemjua. Sijui mtampata wapi mtu wa kumtazama yeye asipendelee.*

"Saba!" Bi Kifungu alisema, machozi yakimtiririka. "Saba, kumbe!"

Alhamisi alimkuta Mizania meza ya dirishani, anapakia vitabu vyake. Shati halikupigwa pasi. Mfuko mmoja ulikuwa na kalamu tatu, mwingine haukuwa na kitu. Mtu alikuwa ameharibika.

Bi Kifungu akamwekea karatasi mbele yake bila salamu. Mizania akaisoma kwa sauti iliyokuwa ikizama.

"'Napinga vikali madai kwamba nimekosea alama saba. Nimehakiki. Ni tano tu.'" Akatoa kalamu zake zote tatu, akaziweka mezani. "Sawa. Nitarekebisha. Samahani kwa usumbufu, dada."

"Dada?"

"Nikuiteje sasa?"

"Wewe ndiye mwenye kutetea migongo ya karatasi," alisema Bi Kifungu. "Geuza."

Mizania akageuza. Nyuma paliandikwa kwa herufi kubwa, za kuonekana hata na mkutubi aliyekuwa akija kuwanyamazisha: *NAMI NATANGAZA MASLAHI. PROFESA AMEPATA WASOMAJI WENGINE WA ALAMA. MIMI NAWE TUMETOLEWA KIKAONI. NAKUSUBIRI NJE.*

Alipoinua macho, kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Mizania akaacha vitabu, akaacha kalamu zote tatu, akatoka mbio.