Nafasi ya Uso

Gauni jekundu lilikuwa na joto. Fundi alilitoa msumarini ili alirudishe kwa watu wa filamu, akahisi uvuguvugu kwapani mwa gauni, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Hakuna aliyelivaa tangu siku ya kupiga picha. Alijiambia ni jua la dirishani, ingawa dirisha lile halipati jua, akalikunja na kulitia ndani ya mfuko wa nguo. Kazi zilikuwa nyingi.

Nyumba yao ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani yake, cha nyuma kilikuwa cha kompyuta ya mumewe, na katikati palikuwa na pazia. Yeye alishona mavazi ya waigizaji. Mumewe alitengeneza vionjo, zile filamu fupi za kuwavuta watu waje waone filamu yenyewe. Safari hii alishinda na uso wa mwigizaji mkuu, waliyemwita Nyota, akiupeleka mbele, akiurudisha nyuma, akiupunguza mwendo mpaka kope zake zikawa zinafumba kama mlango mzito.

"Unatafuta nini usoni kwake ambacho hujakipata tangu juzi?" fundi alimuuliza.

"Ni kazi, mke wangu. Mtu haingii kwenye kionjo kwa uso. Kwanza unasikia vikuku vyake, hujui ni nani. Kisha kamera inakaa chini, unaona pindo la gauni likipita mlangoni. Uso unakuja mwisho. Hapo ndipo watu wanamjua mwenye filamu."

"Na ile miguu ni ya nani?"

Mume alikuna kichwa. Siku ya kupiga picha ya pindo Nyota aliondoka mapema, na fundi ndiye aliyevaa gauni na vikuku akapita mlangoni badala yake.

"Ya kwako, bibie."

"Mimi nifagie njia, mwenzangu apite. Utoe uso wake. Weka giza, weka chochote. Humu ndani kwangu sitaki kumwona."

Mume alikuwa amechoka kugombana. Aliutoa uso, akisema moyoni ataurudisha mkewe akipoa. Halafu, kama alivyozoea akimaliza kazi, akafungua spika na kukicheza kionjo mwanzo hadi mwisho. Vikuku. Pindo. Giza.

Kesho yake mchana fundi alikuwa akitia pindo suruali aliposikia vikuku nyuma yake.

"Punguza sauti, baba."

"Sijawasha kitu," mumewe alijibu kutoka jikoni, kikombe mkononi.

Ikaja harufu ya nguo inayoungua. Fundi aliishika pasi, ilikuwa baridi. Akarudi kushona, maana suruali haijishoni, lakini jua lilipoanza kushuka na chumba kupata kiza, akaona chini ya pazia pindo jekundu likipita taratibu kuelekea kwa mumewe, likiburuza sakafuni na kuacha mshono wake uonekane, ule mshono alioutia kwa mkono wake mwenyewe, na huku lile gauni lenyewe lilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa chini ya kiti alichokalia, na kisigino chake kilikuwa kimeukanyaga.

Alipofunua pazia alimkuta mumewe peke yake, ameketi mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, anatabasamu.

"Usimkatize," alinong'ona. "Mwache amalize kuingia."

Kuanzia hapo vikuku na ile harufu havikukoma, na mume hakula wala hakumtazama mkewe. Fundi akamwita shangazi yake, mganga wa majini, mwanamke asiye na maneno mengi. Shangazi alikitazama kionjo mara moja, akavuta pumzi.

"Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanamjua fundi cherehani. Mmempigia mtu hodi kwa vikuku, mmemvisha gauni, kisha mkamwachia mahali pa uso wazi. Majini wana wivu kukushinda wewe. Nafasi kama hiyo hawaiachi."

"Sasa nifanye nini, shangazi?" Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ananichukulia mume."

"Rudisha uso uliokuwepo. Ule ni wa mtu wa hadithi, hana nyumba. Akiuvaa atabaki hukohuko kwenye hadithi. Ila usimpe uso wa mtu mwenye kitanda humu ndani. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

Shangazi akaenda uani kufukiza dawa. Fundi akamsogeza mumewe pembeni, akakaa kwenye kompyuta. Kazi ile aliijua, miaka yote alikuwa akimwona mumewe akiifanya. Uso wa Nyota ukatokea, kope ndefu, shingo kama imechongwa. Akautazama, kifua kikamchoma. Pembeni yake palikuwa na kipande kilichotupwa, cha siku ile ya pindo, kamera ilipopanda juu kwa bahati mbaya ikamnasa yeye ndani ya lile gauni, anacheka, amependeza.

Miguu yangu, aliwaza. Basi na uso uwe wangu.

Akauweka, akakicheza kionjo. Vikuku vikanyamaza. Harufu ikakatika. Mumewe akainua kichwa kama mtu aliyeamshwa, akaomba chai. Fundi akaenda jikoni kwa furaha, na maji yalipoanza kuchemka akamsikia mumewe akicheka kwa ile sauti ya zamani, ya kabla hawajaoana.

"Kumbe ulivyo mzuri, na mimi nilikuwa kipofu. Njoo ukae hapa, mke wangu."

Fundi akajifuta mikono, anatabasamu. Kabla hajafungua kinywa, mumewe akajibiwa kutoka nyuma ya pazia.

"Nimekuja."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Wivu ulimpanda kabla ya hofu. Akataka kuita, lakini ile sauti ikamtangulia, ikauliza kwa upole:

"Na huyo aliyeko jikoni ni nani?"

"Jikoni?" mumewe alisema. "Jikoni hakuna mtu."