Mlalo wa Karatasi

Kila Jumanne, chai ya saa nne ikiisha, Everlyne alisuuza kikombe chake kwenye mfereji ulio nyuma ya maktaba, akakifuta kwa kitambaa na kukirudisha mkobani. Kilikuwa kikombe cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Wenzake chuoni walikuwa na vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, lakini yeye hakutaka kingine. Kilikuwa cha kuka, ndivyo walivyomwita babu kwao, ambaye alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha karatasi kule Webuye. Babu alipofariki mwaka uliotangulia, watu waligawana blanketi na viti. Everlyne aliomba kikombe tu.

Alikuwa na miaka kumi na minane, ametoka Kabuchai, Bungoma, kuja Kitale kusomea biashara. Somo moja liliitwa Tabia za Watu Kazini. Mwalimu wao, Madam Chepkemei, aliwagawa wanafunzi wanne wanne na kuwaambia waanzishe biashara ndogo.

"Mtatafuta mteja wa kweli," alisema. "Akikataa mali yenu, kikundi kizima kimeanguka. Hapa hakuna alama ya mtu mmoja. Mtalirudia somo mwakani, wote wanne."

Maneno hayo yalimkaa Everlyne kifuani. Nyumbani, mdogo wake Kevin alikuwa akingoja dada amalize ndipo naye aanze chuo. Mwaka mmoja wa Everlyne ulikuwa mwaka mmoja wa Kevin.

Kikundi chake kilikuwa na Tonny, mzaliwa wa Kitale mjini, kijana wa maneno mengi. Nafisa, ambaye mama yake, Fadumo, aliuza nafaka na viungo sokoni, karibu na msikiti. Na Kimutai wa Endebess, mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyokomazwa na kukamua ng'ombe. Siku ya kwanza kabisa walitakiwa kumchagua kiongozi.

"Si tupige kula?" Everlyne akasema.

"Tupige kula?" Tonny akaruka. "Sawa bana! Chapati ziko wapi?"

Wote wakacheka, hata Nafisa. Everlyne naye akacheka ili asionekane ameumia. Kwao Bungoma ulimi ukitaka kusema *r* unaweza kuangukia *l*, na ukitaka *l* ukaangukia *r*, na hakuna anayegeuza shingo. Lakini tangu siku hiyo Tonny, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuwa kiongozi, alimsalimia hivi: "Niaje, Kula?" Na tangu siku hiyo Everlyne alipunguza maneno.

Biashara yao ilikuwa mifuko ya karatasi ya kaki. Mama Fadumo alikubali kuchukua mifuko mia mbili ya kilo mbili mbili kufikia Ijumaa. Walinunua karatasi kubwa kubwa, wakajifungia darasani alasiri ya Jumatatu. Kimutai alipika gundi ya unga wa ngano. Tonny alitandaza karatasi na kuchora mistari.

"Tukikata kwa upana tunapata mifuko sita kila karatasi," akasema. "Kwa urefu ni minne tu. Hesabu ni rahisi!"

Everlyne alishika pembe ya karatasi, akaikunja taratibu upande huu, kisha upande ule. Vidole vyake vikakumbuka kabla ya kichwa.

Wakati ule alikuwa na miaka kumi, likizo, nyumbani kwa kuka Webuye. Babu alikuwa amestaafu zamani, lakini bado aliamka saa ya king'ora cha kiwanda, akavaa koti lake la kazi na kukaa mezani na chai yake katika kikombe cha buluu, kana kwamba kuna zamu inamngoja. Treni ilipita, vikombe vikagongana kabatini. Mezani palikuwa na vipande vya kaki alivyovihifadhi miaka mingi.

"Kunja hivi," alimwambia mjukuu wake. "Sasa kunja hivi. Wapi imekataa?"

"Huku, kuka."

"Umeona? Karatasi ina mraro." Alitaka kusema mlalo, lakini hata yeye ulimi wake ulikuwa wa Bungoma. "Ndani yake kuna nyuzi ndogo, zimelala upande mmoja kama watoto kwenye mkeka. Ukitengeneza mfuko, usimamishe mraro, utoke mdomoni uende kitakoni. Hapo utabeba. Ukiulaza, mfuko utakatika tumbo."

Na sasa Tonny alikuwa akiulaza.

"Hii kalatasi..." Everlyne akaanza.

"Ka-la-ta-si!" Tonny akadakia, mkasi hewani. "Kula, leo umetuletea kalatasi. Na kalamu je, ama ni karamu?"

Nafisa alifunika mdomo, mabega yakimtikisika. Kimutai peke yake ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye sufuria ya gundi. "Ulikuwa unasema nini, Everlyne?"

"Hakuna," akajibu. Akaanza kukunja.

Walimaliza jioni ile, mifuko imepangwa kama matofali, mizuri kuitazama. Jumatano adhuhuri wakapeleka michache sokoni, waone itakavyofanya kazi.

Mama Fadumo alipima kilo mbili za ndengu, akazimimina katika mfuko mpya na kumpa mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Mzee akauinua. Hakufika hatua mbili. Mfuko ulikatika katikati kama mkate, ndengu zikatawanyika hadi kwa muuza nyanya.

"Mama," mzee akasema akitazama chini, "hizi ndengu ni zangu ama ni za kuku wa jirani?"

Watu wakacheka. Mama Fadumo hakucheka. Alijaza mfuko wa pili, akautikisa mwenyewe. Ukakatika. Wa tatu nao ukakatika palepale.

"Nafisa," akasema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "mimi nina miaka kumi na tano kwa meza hii. Leo wanangu wamenifanya kichekesho."

"Mama, tusamehe. Tutarekebisha."

"Nawangoja Ijumaa baada ya swala. Mkikosa, narudi kwa muuzaji wangu wa zamani, na huyo mwalimu wenu nitamwambia ukweli."

Walirudi chuoni. Mlango wa darasa ulipofungwa tu, Tonny alimgeukia Kimutai.

"Ni hiyo gundi yako! Huo ni uji wa mtoto, si gundi. Umetuangusha, bana!"

"Gundi yangu iko sawa."

"Iko sawa na mifuko inapasuka? Ati iko sawa!"

Kimutai aligeuka. Alichukua mkoba wake, akautia begani. "Basi endeleeni bila mimi," akasema, na kuanza kwenda mlangoni.

Everlyne alikuwa ameshika kikombe cha buluu, hajui hata alikitoa saa ngapi. Angeweza kunyamaza. Kosa lilikwishapata mtu wa kulibeba, na huyo mtu si yeye. Lakini alimwona Kimutai akishika kitasa, kijana yule aliyekuwa peke yake kumuuliza alitaka kusema nini.

"Kimutai, ngoja. Si gundi. Ni sisi tulikata vibaya, na mimi nilijua."

Tonny akaduwaa. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ukanyamaza? Everlyne! Ukatuacha tuaibike mbele ya soko zima?"

"Nilianza kusema. Mkacheka." Akakiweka kikombe mezani. "Ningesema tena. Ningesema hata mara tatu. Sikusema kwa sababu nilikasirika, na hilo ni kosa langu. Lakini msimlaumu Kimutai."

Nafisa akaokota mfuko uliopasuka, akautazama kwa makini. Sehemu zilizogundishwa zilikuwa zimeshikana imara. Karatasi yenyewe ndiyo iliyokatika. "Ni kweli," akasema polepole. "Gundi haijaachia popote. Aki Kimutai, pole."

Everlyne akachukua kipande, akawaonyesha kama alivyoonyeshwa. Kunja hivi, kisha kunja hivi, wapi imekataa? Tonny alikunja mara nne, kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Hii inaitwaje?" akauliza.

"Mraro," Everlyne akasema. Kisha, "Mlalo. Kuka alikuwa anaita mraro."

Wakamngoja Tonny acheke. Hakucheka. Alijikuna shingo. "Mimi nimekuita Kula mwezi mzima," akasema. "Nilidhani ni mchezo. Pole."

Everlyne akawaambia jambo jingine ambalo babu yake alimsimulia kuhusu kiwanda. Kabla mashine haijawashwa, msimamizi aliita kila kituo kwa jina, na kila kituo kilijibu. Walikuwako watu wa kila upande wa nchi, kila mmoja na matamshi yake, na hakuna aliyerekebishwa ulimi. Kituo kimoja kikinyamaza, mashine haiwashwi. Mtu anakwenda kuangalia kuna nini.

Alhamisi walianza hivyo. Tonny alisimama mbele ya meza. "Kukata?"

"Bado!" Nafisa akajibu. "Mkasi ni butu." Wakangoja anoe.

"Gundi?"

"Tayari," Kimutai akasema.

"Kukunja?"

"Tayali!" Everlyne akaitikia, kwa nguvu, ulimi ukienda unakotaka. Ndipo kazi ikaanza.

Karatasi zilizobaki zilitoa mifuko mia na sitini tu. Ijumaa baada ya swala walimweleza Mama Fadumo hivyo hivyo, bila kuzunguka, na kwamba iliyopungua wangeleta Jumatatu. Mama alijaza mfuko ndengu, akauinua, akautikisa, akautikisa tena. Akamwita mzee wa kofia ya sufu. "Mzee, beba hii. Uende mpaka kwa nyanya, urudi." Mzee akaenda, akarudi, akainua mfuko juu kama kombe la ushindi. Mama Fadumo akatabasamu. "Hii nachukua. Na hizo za Jumatatu pia."

Wiki iliyofuata Madam Chepkemei alisikiliza taarifa yao, darasa zima likiwapo. Hawakuficha mifuko ya kwanza. Mwalimu alichukua mmoja uliopasuka, akauinua wote wauone.

"Wengi mnadhani kufanya kazi pamoja ni kukaa meza moja," akasema. "Kikundi hiki kilikuwa na jibu mezani tangu Jumatatu. Walilipoteza mara mbili. Mara ya kwanza ni pale walipomcheka mwenzao, kwa sababu mtu unayemcheka unaufunga mdomo wake na maarifa yaliyo nyuma yake. Mara ya pili ni pale mwenzao alipolijua kosa akalinyamazia. Ukijua, sema, hata wakicheka. Na mwenzako akisema, sikiliza neno lake, si ulimi wake. Everlyne, huyo babu yako alinifundishia somo langu kabla yangu."

Everlyne aliinamisha kichwa. Alikuwa akifikiria meza ile ya Webuye, treni ikipita, vikombe vikigongana.

Walipotoka nje ilikuwa saa ya chai. Tonny alifungua mkoba, akatoa mmoja wa mifuko yao ya kaki, ndani yake chapati nane bado zina joto. Mfuko haukuwa umeraruka popote.

"Kikundi," akasema, "leo sitaki mabishano. Tupige kula."

Wa kwanza kucheka alikuwa Everlyne, na safari hii alicheka kwa sababu alitaka. Akatoa kikombe cha buluu, akakisogeza mbele Kimutai amimine chai.